Kompyuta ya Lango Haikujibu

Vijana wangu wa chumba cha mitambo, siku mliponiaga mlinilisha keki yenye jina langu lililokosewa, kisha mkaniomba jambo moja: niwaandikie namna ninavyosukuma kanuni za mtandao kwenye kompyuta, kwa sababu, mlisema, zangu hushika na zenu hazishiki. Nina wiki ya tatu sasa nimekaa hapa nyumbani Mugumu nikijaribu. Kila nikianza na amri yenyewe, kalamu inanipeleka kwingine. Basi acheni nianze huko inakonipeleka. Amri mtaikuta njiani.

Sikuanza kazi Mugumu. Nilianza kwenye mgodi, miaka ile dhahabu ilipowapanda watu kichwani. Si ule mkubwa wa Nyangoto mnaoujua nyote. Wetu ulikuwa mdogo, wa kampuni ambayo leo hata kibao chake hakipo, kwenye vilima vya upande huu wa Serengeti. Kila aliyekuwa na sururu alikuwa safarini. Walimu waliacha chaki, wachungaji waliacha ng'ombe, na mabati mapya yalimetameta kila ulipogeuza shingo. Kando ya uzio wetu makarasha ya wachimbaji wadogo yalisaga mawe kutwa, na vumbi lake liliingia kila mahali, hata ndani ya mayai ya kuchemsha, nakuapieni.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Tarime mjini. Baba alitoka pwani na mama ni Mkurya, kwa hiyo nilikua nikisali msikitini na kutukanwa kwa Kikurya. Siku ya kwanza kazini nilivaa shati alilonishonea baba, nikaingia ofisi ya mifumo nikitegemea kibodi. Nilipewa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli.

Aliyenipa alikuwa mzee Okech, mkuu wa kitengo chetu cha watu wawili. Alikuwa Mjaluo wa karibu na Sirari, aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa bado hakijavuka mpaka. "Fungua hizi mashine zote," aliniambia, "toa hii vumbi. Ukimaliza, utakuwa umejua kila mashine inakaa wapi na nani anaikalia. Hiyo ndiyo network." Nilipuliza vumbi siku tisa. Nilimchukia kwa siku saba kati ya hizo.

Baada ya vumbi akanifundisha kanuni. Kwa msomaji asiye wa fani yetu, jambo lenyewe ni hili. Seva kuu hushika kanuni za kompyuta zote: neno la siri liwe la herufi ngapi, skrini ijifunge baada ya muda gani, folda ipi ifunguke kwa nani. Kompyuta huenda zenyewe kuchukua kanuni mpya kila baada ya saa moja na nusu hivi. Asiyetaka kungoja hufungua lile dirisha jeusi na kuandika amri. Mwanzoni ilikuwa ndefu ya kukatisha pumzi, `secedit /refreshpolicy machine_policy /enforce`, na ukikosea herufi moja unaanza upya. Kisha zikaja kompyuta mpya na amri fupi mnayoijua, `gpupdate /force`. Mzee Okech aliipokea amri fupi kwa mashaka, kama alivyopokea kila kitu kilichorahisishwa.

Hakuamini jibu la skrini. Mimi nikiona imeandikwa kwamba kanuni zimesasishwa salama, nafunga na kusimama. Yeye alivaa kofia yake na kutoka kwenda kuikalia mashine yenyewe, hata kama iko kilomita mbili juani. "Hiyo laini inasema sawa kwa sababu imefunzwa kusema sawa," alisema. "Enda uone na macho yako." Nilidhani ni uzee. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijua mengi.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea kwa haraka hiyohiyo. Kuna kanuni ambazo haziingii mpaka mtumiaji atoke na kuingia upya, na ukiongeza kijineno kidogo mwishoni mwa amri, kompyuta humtoa mtu yenyewe bila hodi. Nilikiongeza kijineno hicho na kuituma amri kwa kompyuta zote saa nne asubuhi. Mkuu wa jiolojia alikuwa ameketi tangu alfajiri akiingiza vipimo vya mashimo ya kuchoronga, naye hakuwa mtu wa kuhifadhi kazi. Kila kitu kilipotea. Alikuja ofisini kwetu ametulia kabisa, na utulivu huo ulinitisha kuliko matusi. Nilipewa barua ya onyo. Ilisema, kwa lugha ya adabu, kwamba hakutakuwa na ya pili.

Naitaja barua hiyo kwa sababu niliibeba. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba wa kitambulisho, na tangu hapo kila nilipobonyeza kitufe cha mwisho cha amri niliigusa kwanza. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Nje ya uzio vijana wenye vyeti kama changu walikuwa wanasukuma mikokoteni ya mawe. Nilijua kabisa ni hatua ngapi kutoka kiti changu hadi kwenye mkokoteni.

Halafu kuna radi. Ninyi mmezaliwa hapa, sina haja ya kuwaeleza radi ya Mara. Ilishuka siku moja kwenye waya wa mtandao, ikaunguza swichi mbili na kompyuta ya stoo, na mlinzi aliyekuwa karibu alikaa siku nzima hasikii. Nikatumwa kuzunguka idara zote kutoa agizo: ukisikia ngurumo, chomoa kebo ya mtandao na waya wa umeme, usingoje. Watu walilipokea agizo kwa moyo mmoja. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wa ndugu aliyeuawa na radi, au televisheni iliyoungua. Nilijipongeza. Niliwaambia wachomoe. Sikuwaambia warudishe lini.

Langoni, pale watu wanapoingilia kwenye shimo, alikaa Mama Bhoke. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa na uzi, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila anayeshuka na kila anayepanda anasomesha kitambulisho chake kwenye mashine. Jina likisomwa, linaingia kwenye orodha. Orodha hiyo ilikuwa roho ya mgodi. Mkuu wa baruti, Bwana Magesa, aliifungua kwenye kompyuta yake kabla ya kila mlipuko, na kama kuna jina limebaki shimoni, halipuki mtu wala jiwe. Mama Bhoke aliitunza kompyuta yake kama chungu cha mtama. Aliifunika kitenge. Na ngurumo ikilia, alichomoa kebo na hakuirudisha mpaka jua litoke, pakauke, na yeye mwenyewe aridhike. Nilikuwa mdogo kuliko mwanawe wa kwanza. Nilimwamkia shikamoo, sikumpa ratiba.

Sasa tunafika siku yenyewe.

Seva yetu ya zamani ilikuwa imeanza kugonga ndani, tik, tik, na mzee Okech akasema tuhamishie orodha ya shimo kwenye seva mpya kabla haijafa nayo. Kazi ikawa yangu. Jioni nilinakili folda, nikabadilisha kanuni ili kompyuta zote zifungue orodha mahali papya. Usiku ule ilinyesha mvua ya kutisha na radi juu yake. Asubuhi mawingu yalikuwa bado yamelala juu ya vilima. Niliketi nikaandika faili dogo la amri, linaloita kompyuta moja baada ya nyingine na kuisasisha kwa nguvu, nikaliachia. Majibu yakaanza kushuka: sawa, sawa, sawa. Kompyuta ya Magesa, sawa. Kompyuta thelathini na kitu zote sawa, na mstari wa mwisho kabisa ukasema kompyuta ya lango haikujibu.

Niliuona. Nataka mlijue hilo, maana ripoti iliyoandikwa baadaye inasomeka kana kwamba sikuuona. Niliuona nikasema moyoni: Mama Bhoke bado hajaiwasha, akiiwasha itachukua kanuni yenyewe. Nikaenda kunywa chai.

Kumbe aliiwasha tangu saa kumi na mbili. Alirudisha waya wa umeme kwa sababu kazi haisubiri, lakini kebo ya mtandao aliiacha imening'inia, kwa vile mawingu hayakuwa yamemridhisha. Na kompyuta zile zilikuwa na ukarimu wa kijinga: zikikosa mtandao hazilalamiki, zinakupa nakala ya orodha iliyomo ndani yake na kukuacha uendelee kuandika. Asubuhi nzima Mama Bhoke alisomesha vitambulisho, na majina yakaingia kwenye orodha ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyeiona.

Mlipuko ulipangwa saa saba kamili mchana. King'ora cha kwanza kililia saa saba kasoro robo. Mimi nilikuwa nakusanya vitu vyangu nikale. Saa saba kasoro dakika kumi simu ikalia, na alikuwa Magesa mwenyewe, mtu asiyepiga simu bure.

"Rajabu, hongera bwana," alisema. "Orodha yako mpya inafunguka haraka kweli. Shimo jeupe, hakuna hata jina moja. Wachorongaji wote nimeshawaona juu."

"Asante, mkuu," nikasema, na nikakata simu nikitabasamu.

Tabasamu halikufika popote. Hakuna hata jina moja? Baada ya mvua ile? Mvua ikinyesha usiku, shimo hujaa maji chini, na lazima mtu awepo kwenye pampu. Mtu huyo alikuwa Mwita, kijana wa Nyansurura, mcheshi, aliyekuwa akipitia dirishani kwetu kuuliza kama kompyuta zinajua nani atashinda mpira. Wahudumu wa pampu hawakupewa redio. Pampu yenyewe ilinguruma kiasi kwamba aliyekaa nayo hasikii king'ora, na gari la kukagua shimo halikuteremka mpaka chini siku za matope. Siku kama hiyo kilichomlinda Mwita kilikuwa jina lake kwenye orodha tu.

Nilijua la kufanya. Mgodi mzima ulilijua, liliandikwa kwenye ubao mwekundu mlangoni: yeyote, hata mfagizi, akiona hatari, anashika redio na kusema simama mara tatu, na kila kitu kinasimama. Redio ilikuwa chumba cha pili, mezani kwa mzee Okech, ambaye alikuwa stoo. Hatua kumi na mbili.

Sikwenda. Niligeuka kwenye kibodi.

Nilijiambia hivi, na nakumbuka kila neno: huenda Mwita hayupo leo. Huenda alipanda. Nikisimamisha mlipuko na shimo likawa tupu kweli, mashimo yaliyojazwa baruti yatalala hivyo, magari yatasimama, na sababu itaandikwa kwa jina langu, na barua ya pili itakuja. Ngoja kwanza niipate kompyuta ya lango. Ikijibu, kanuni itaingia, majina yatatokea, na Magesa atayaona mwenyewe. Hakuna atakayeuliza kitu. Nikaandika amri. Kishale kikapepesa. Nikakitazama kishale kile kama mtu anayengoja mgonjwa afumbue macho. Haikujibu. Nikaandika mara ya pili, nikakosea jina la mashine, nikafuta, nikaandika tena. Haikujibu. Saa ya pembeni ya skrini ilisema saa saba kasoro dakika saba. Nikaandika mara ya tatu.

Sijui ni nini kilinitoa pale. Ningependa kusema ni dhamiri, lakini nadhani ni woga uliozidi woga mwingine. Nikanyanyua simu nikaita langoni.

"Shikamoo mama, ni Rajabu. Mwita wa pampu yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Yuko chini tangu asubuhi. Kwenye hii skrini yangu yupo hapa, peke yake. Kwani vipi?"

King'ora cha pili kikaanza kulia wakati bado anazungumza. Zilibaki dakika tano. Niliangusha simu bila kuaga, nikagonga goti kwenye kona ya meza nikikimbia, nikaishika redio kwa mikono miwili.

"Simama. Simama. Simama."

Kisha sauti ya Magesa, baridi kabisa: "Nani anasimamisha?"

"Rajabu wa kompyuta."

"Sababu?"

"Orodha ni ya uongo. Mwita yuko chini kwenye pampu. Mkuu, orodha ni ya uongo, mimi ndiye niliyeihamisha."

Nilisikia akiwaita watu wake mmoja mmoja na kila mmoja akiitikia kwamba ameacha. Niliketi sakafuni. Baada ya muda, ambao siwezi kuupima, mtu alisema redioni kwamba Mwita amepatikana, yuko ndani ya gari, na anauliza kwa nini wanamsumbua kabla hajamaliza maji.

Mzee Okech alirudi akanikuta pale chini. Alinipita, akaenda mezani kwangu, akatazama dirisha jeusi. Amri tatu zilikuwa bado zimesimama pale, moja chini ya nyingine, pamoja na majibu yake. Alizisoma zote. Kisha akalifunga dirisha kwa mkono wake na kusema, "Simama sasa, enda unawe uso. Watu wanakuja." Hakulitaja jambo hilo tena mpaka alipofariki, na sikuwahi kumshukuru wala kumlaumu kwa hilo.

Barua ya pili haikuja. Ripoti iliandikwa kwamba fundi alisimamisha mlipuko mara tu alipogundua kasoro, na kasoro ikatajwa kuwa ni kebo iliyochomolewa kwa ajili ya radi. Mama Bhoke alilia mbele za watu. Nilimtetea, nikasema agizo la kuchomoa lilikuwa langu. Hilo lilinipa sifa zaidi. Nilisimamishwa mbele ya wafanyakazi wote nikapigiwa makofi, na baba yake Mwita alitoka Nyansurura na kibuyu cha maziwa ya mgando, akaniwekea mkono kichwani na kunibariki kwa Kikurya, yeye, mzee wa watu, akiniita mwanawe. Nilikunywa maziwa yale. Yaliteremka kama mchanga.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuvaa kofia. Kila nilipotuma amri nilitoka kwenda kuitazama mashine, na kwa wanaotaka maelezo ya kitaalamu, ni hayo: ukishaandika `gpupdate /force`, andika na `gpresult` uone kanuni zipi zimeshika kweli, kisha soma mstari ulioshindwa kabla ya mistari yote iliyokubali, kisha nenda. Mgodi ulipofungwa nilihudumia kompyuta za kambi za watalii kule Natta, ambako tembo walivuta kebo zangu mara mbili, nami nilikwenda kuitazama kila moja, nikiwa na mlinzi mwenye bunduki. Watu walicheka. Halafu nikaja kwenu hapa Mugumu, na ninyi pia mlicheka. Siri ya kanuni zangu kushika ni hiyo tu. Naogopa. Sijawahi kubonyeza kitufe kile bila kuogopa, hata wiki yangu ya mwisho.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilipokuwa nawaandikia haya niliona haifai ninyi mjue kabla ya Mwita mwenyewe. Kwa hiyo juzi nilipanda bodaboda nikaenda Nyansurura.

Mwita ni mtu mzima sasa, ana mvi na shamba la mihogo na ng'ombe wanaomtii. Alinikaribisha kwa kelele, akamwambia mkewe, huyu ndiye yule, huyu, yule wa kompyuta! Wajukuu wakaletwa waniamkie. Nilingoja watoke. Nikamweleza yote, simu ya Magesa, hatua kumi na mbili, kishale, amri tatu, dakika nne. Nilitazama chini nikisema. Nilipomaliza alikuwa akikwaruza udongo kwa fimbo.

"Mzee Rajabu, nikuulize kitu," alisema mwishowe. "Ile kompyuta ingejibu mara ya tatu, ungemwambia mtu?"

"Ingejibu, jina lako lingetokea kwa Magesa, naye angesimamisha."

"Sikuuliza Magesa. Nimeuliza wewe."

"Hapana," nikasema. "Ningekwenda kula."

Kisha akageukia mlangoni akamwita mkewe alete maji, mgeni anawe mikono.